Mke Wangu Aliita "Staki", Mimi Nikakimbia

Shikamoo Mama Mshauri, naomba unisaidie maana nimemdanganya mke wangu na yeye akanilipa wema. Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba hapa Kirua Vunjo, nina miaka hamsini na mbili, mke wangu Doris anafanya kazi ofisi ya mizigo Holili na hurudi nyumbani Jumamosi, na tangu watoto waondoke tulikuwa tukipigiana simu jioni tunaulizana ng'ombe katoa lita ngapi, basi. Mwaka jana akaniwekea mchezo wa simu ambao watu kumi, kila mmoja yuko kwake, mnaingia pamoja pangoni kupigana na jitu, na yeye ndiye kiongozi, tunamsikia kwenye hedifoni.

Mama, Doris ni hodari! Kazi yangu ni kuwaponya wenzangu, mponyaji wanamwita "hila" kwa Kiingereza chao, lakini maneno yao yananipita, puli, agro, kuldauni, naitikia tu "sawa". Wiki tano jitu lile limetushinda. Alhamisi lilikuwa limebakiza damu kidogo kabisa, Doris akapiga kelele, "Staki! Staki wote!", mimi nikasikia mke wangu anakataa, nikajua mambo yameharibika, nikakimbilia nje ya pango, kumbe kwao staki ni kusogeleana mahali pamoja ili niwaponye wote kwa mpigo. Wakafa wote tisa. Mwenzetu mmoja wa Bomang'ombe, Godlove, akasema, "Shemeji, samahani, huyu mzee tumtoe." Doris akanyamaza. Kimya kile kikaniuma, nikamwambia simu yangu imegoma kufungua mchezo. Jumamosi akafika, hata mkoba hajauweka chini, akanipa simu yake: "Chukua hii, Baba Eliona, hiyo mbovu nitaipeleka kwa fundi. Na Godlove nimemwambia, wakikutoa wewe, natoka na mimi." Nifanyeje?

Sifael

Marahaba, Sifael. Nimecheka hapo kwenye "staki", halafu nikamfikia Doris na simu yake mkononi, kicheko kikakatika. Mtu mzima unapewa simu na mwenzako, unakaa nayo! Mrudishie.

Pole kwa aibu uliyoipata, lakini shida ilianza siku ya kwanza ulipoitikia "sawa" na hukuelewa. Mwaka mzima! Angejuaje? Na kile kimya chake hukumuuliza. Nadhani alikuwa anajizuia asimjibu Godlove vibaya mbele ya watu, maana jibu alilompa baadaye umeniandikia mwenyewe. Anakutaka pale pangoni, hata mkifa wiki tano nyingine.

Naye Doris ana lake. Kiongozi akiita neno ambalo mmoja wa watu wake halijui, amemwita nani? Aseme "sogeeni kwangu". Mwombe hilo, si dhambi. Jumapili mkitoka kanisani kaeni wawili tu, ingieni pango dogo la wanaoanza, akufundishe neno mojamoja, na lisilokuingia uliza tena, na tena. Wenzenu waombe radhi mara moja, kwa sauti yako, bila kujidhalilisha. Hata Godlove hakuzaliwa akiyajua maneno hayo.

Na kabla fundi hajaigusa hiyo simu, mwambie: "Mama Eliona, simu yangu ni nzima. Nilikudanganya kwa aibu." Usiongeze kitu. Akicheka, cheka naye. Akinuna, ingia jikoni umpikie machalari ya ndizi na nyama, kisha urudi uombe radhi.