Sauti ya Kaka Iliyobaki Kariakoo

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na goti limetulia kidogo, maana baridi ya huko naijua haina huruma. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio unanisumbua, na haya ninayokuandikia kwenye simu yamenishinda. Kila nikianza unaniuliza kama nimekula.

Unakumbuka kaka Eliudi alikuwa anauza vyombo kwa Mzee Seif, mkabala na fremu ya vitenge ninapofanya kazi. Kabla hajaugua, Mzee alimrekodi tangazo la kuita wateja, kama maduka ya huku yanavyofanya, akaliweka kwenye spika ya mlangoni. Linajirudia kutwa nzima: "Vyombo vya jumla, bei ya kutupa. Mama njoo, baba njoo, mdogo wangu njoo. Usiogope, njoo." Tulipomleta nyumbani tukamzika kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, nilidhani tumemleta mzima mzima. Niliporudi kazini nikamkuta mlangoni anaita wateja.

Nilivumilia. Kuna siku hata nilifurahi, nikasema afadhali hajanyamaza. Lakini wiki iliyopita nilikuwa nimeinama nakunja vitenge, akili iko mbali, akasema "mdogo wangu njoo," nami nikaitika. Nilisema, "Naja, kaka."

Mwajuma, mwenzangu wa dukani, akaniuliza, "We Aikande, unamjibu nani?"

Mama, nilijifanya nahesabu vitenge. Wewe ndiye uliyetufundisha tangu wadogo kwamba ukiitwa na humwoni anayekuita, unyamaze, maana anayemwitikia marehemu humfuata. Mimi nimeitika, tena nimemwahidi kwamba naenda. Naogopa, sikufichi.

Ndipo nikaenda kutafuta hedifoni. Muuzaji niliyempata ni jamaa mmoja mwenye maneno mengi, ila mkweli. "Dada, zile zinazofuta kelele zenyewe ni ghali, tusidanganyane," akasema. "Chukua hizi za waya. Mto wake mnene, zinafunika sikio lote, na besi yake inakuingia mpaka kifuani. Halafu zinakunjika, unatupia kwenye mkoba." Akataka kunipigia muziki nizijaribu. Nikamwambia asipige kitu, anifuate tu mpaka mtaani kwetu.

"Sista, mteja kama wewe sijawahi kupata," akasema, lakini alinifuata.

Nilisimama mbele ya spika ya kaka nikazivaa. Sauti ikapungua, akawa kama zile siku alipokuwa akituita kutoka ng'ambo ya korongo alikokwenda kukata majani ya ng'ombe. Jamaa alipowasha muziki kwenye simu, besi ikammeza kabisa. Nikalipa bila kuomba hata punguzo, mimi mtoto wa Kichaga.

Asubuhi ile nilifanya kazi kwa amani. Wateja wakiniita siwasikii, mpaka waniguse bega. Kufika mchana Mwajuma akanifunua sikio moja akaniambia, "Shoga, midomo yako inacheza. Kila baada ya muda kidogo unasema naja." Kumbe masikio nilikuwa nimeyaziba bure. Zamu yake ya kuniita nilishaijua kwa moyo.

Nikavuka barabara nikamweleza Mzee Seif. Nilitegemea atakataa, maana sauti ile inamletea wateja. Akasema, "Binti yangu, mimi kila asubuhi nikiiwasha namtolea salamu. Nilidhani nyie inawafariji." Akachomoa kadi ndogo yenye tangazo ubavuni mwa spika, akaifunga kwenye leso yake. "Mrudishe kwao. Sisi tutamsomea dua huku huku." Siku hizi pale mlangoni anaita dada mmoja mwenye sauti nyembamba, wala simjui.

Kadi hiyo nimeiweka kwenye kifurushi hiki pamoja na hedifoni. Neema wa shangazi anajua kuichomeka kwenye simu. Ukitaka kumsikiliza, zivae. Majirani hawatasikia, na besi yake itakurudishia ule uzito wa sauti yake. Usipotaka, mchimbie kwenye kihamba, karibu na alipolala. Mimi nimeshindwa kuamua, wewe ndiye uliyemzaa.

Nisalimie bibi, mwambie kahawa yake ilifika na Mwajuma ameisifu. Nisalimie shangazi na Neema wake, pamoja na mjomba. Krismasi nitakuja, mjomba asichinje mbuzi kabla sijafika.

Sasa nakuomba jambo moja, mama. Kaka haanzi na mimi. Anaanza na mama. Msikilize, mlilie utakavyo, lakini akisema "mama njoo," usiitike. Mimi nimeshaitika, inatosha mmoja.

Binti yako anayekuwaza kila saa,
Aikande