Sifa Zilizoninyima Chuo

Chumba cha juu, Karakana ya Samani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Natumaini umeanza kushuka ngazi bila kuzitukana. Huku sote wazima, ila mama ana mafua na amegoma kulala.

Kilichonifanya nishike kalamu ni chuo cha biashara. Mwaka jana walinikataa, unajua. Safari hii sikukaa kulia. Nilimpigia simu ofisa anayepitia maombi, nikamwomba aniambie waziwazi. Akasema alama zangu ni nzuri, tatizo ni barua ya mwajiri wangu. "Inasema wewe ni mtulivu, unaamka mapema, hujawahi kumjibu mkubwa. Dada, sisi tunatafuta meneja, hatuposi."

Na mwajiri wangu ni nani? Kaka yako! Niliona aibu, kisha nikacheka mpaka mbavu zikauma. Baba alinisifu kama bibi harusi.

Basi nimeanza upya. Insha ya zamani ilijaa maneno makubwa ya kuokota, nimeitupa yote. Sasa nimeeleza habari za yale makabati yetu, yaliyopendwa sana dukani halafu yakakwama milangoni kwa wateja. Mimi ndiye niliyeshikilia yatengenezwe kwa vipande, yaungwe huko huko nyumbani kwa mteja. Msumari, fundi wetu mkuu, alininunia mwezi mzima. Leo hatutengenezi ya aina nyingine.

Huyo huyo Msumari ndiye niliyemwomba barua mpya. Alinitazama kama nimerukwa na akili, lakini ameandika: "Ni mbishi. Alinipinga mbele ya mafundi wangu, na kabati likapita mlangoni. Mkimchukua, jiandaeni." Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa nikamwambia baba kwamba naomba tena. Akasema oda ni nyingi, nisubiri mwaka mwingine. Shangazi, kweli sijawahi kumjibu. Nikasema, "Hapana, baba. Ni mwaka huu huu." Aliendelea kupiga randa ubao uliokwisha kunyooka zamani, na tangu hapo tunasalimiana tu.

Insha nimeiweka humu. Umesahihisha watoto wa watu maisha yako yote, basi nami nichane bila huruma. Uirudishe upesi, maombi yanafungwa mwisho wa mwezi. Wakinikataa tena, nitaomba tena.

Nisalimie binamu zangu, hasa yule mwimbaji wa bafuni. Mama na bibi wanakusalimu sana. Mungu akulinde, na goti lako alikumbuke.

Ni mimi nikupendaye,
Mbishi wa ukoo.

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, baba akapanda ngazi akasimama mlangoni. Anaulizia nakala ya ile barua yake ya mwaka jana. Anasema kuna sifa moja ndani yake si ya kweli tena, na anataka kuifuta kwa mkono wake mwenyewe.