Madoa Aliitiwa Bwana Mifugo

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini kukuandikia bila kukuamkia nitajiona nimeingia kwako na matope miguuni.

Hapa Maretadu baridi imeanza, maharage bado hayajakauka. Nakukumbuka zaidi asubuhi, nikiwa nimechuchumaa kukamua. Ulinifundisha nikiwa darasa la tatu. Kabla ya kukamua ilikuwa lazima nipapase kiwele chote, macho nimefumba, na nikiharakisha unanirudisha mwanzo. Nilipokuwa msichana mkubwa, siku ulipokuta kidonge kigumu kwenye kiwele cha Madoa, uliacha chai ikapoa, ukavaa mabuti ya baba ukaenda kumwita bwana mifugo. Kabla ya saa sita ng'ombe alikuwa ameshachomwa sindano. Nilikutania kwamba Madoa anadekezwa kuliko sisi watoto, ukacheka mpaka ukashika mlango.

Mwaka uliofuata wewe nawe ulikuwa na kidonge chako, chini ya shuka ulilojifunga mabegani hata juani. Nilipokuona unashindwa kuinua mkono niliuliza. Ukanijibu, "Ni uchovu tu. Tukimaliza kuvuna nitaenda." Tukavuna maharage, tukavuna na mahindi. Halafu ukapanda basi la Mbulu peke yako, ukarudi kimya. Krismasi hukuifikia. Mama, nilikukasirikia hata msibani, na hasira hiyo sikumwambia mtu.

Sasa na mimi yamenifika. Wiki tatu zilizopita nilikuwa naoga, vidole vikakutana na kitu kwenye titi la kushoto. Kigumu, kama punje ya harage, na hakiumi. Unajua nilijiambia nini? Tukimaliza kuvuna nitaenda. Kila siku nilikigusa tena, labda kimeondoka, na kila siku nikajifunga kanga nikaenda shambani.

Jana nilikuwa napapasa kiwele cha mjukuu wa Madoa, mkono ukasimama. Niliwaza kwamba huyu angekuwa na uvimbe, bwana mifugo ningekuwa nimempigia simu siku ileile. Nilimaliza kukamua, nikaosha ndoo, nikaenda zahanati.

Muuguzi ni dada aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, ana upole wake. Alinipima, akasema, "Mama, uvimbe mwingi wa hivi si kansa, ila kwa kupapasa tu siwezi kukuambia ni nini. Nakuandikia rufaa ya Mbulu wakupime. Umefanya vizuri hukusubiri mpaka uanze kuuma." Niliona aibu kwa zile wiki tatu. Kisha akauliza aandike jina la nani, ndugu wa karibu. Jina lako lilinijia mdomoni. Nilitamani ukae tu na mimi kwenye lile benchi, hata bila kusema neno.

Nilimtaja binti yangu, Paulina. Jioni tukiwa zizini nikamwambia yote. Aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye sketi. "Keshokutwa naenda na wewe," akasema, "na usinibishie."

Basi ndiyo kesho, Mama. Naogopa sana. Nguo nimeshazitoa, na Paulina ametegesha kengele ya simu yake, akailaza karibu ili tusikose basi. Namtazama, naona nilivyokuwa mimi mwaka ule, mkubwa wa kutosha.

Ungeniambia tu. Ningekwenda na wewe.

Binti yako,
uliyemfundisha kukamua