Toka Wewe Kwanza, Shemeji

Brunnengasse 9,
Bad Ellernau.
14 Septemba

Mpendwa shemeji Ansgar,

Hujambo, na wote hawajambo huko Chile? Mgongo wa mkeo Ximena umepata nafuu? Sisi tupo, ingawa nikisema sote wazima nitakuwa nakudanganya, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Habari ya kuja kwenu mwezi ujao imempa kaka yako wazimu wa furaha. Ameshapanga kila kitu. Asubuhi bustani ya afya, mkae chini ya ule ukuta wa matawi ya miba unaotiririka maji ya chumvi, mvute hewa yake. Mchana ngome na mabirika ya Warumi. Kwa hayo sina neno. Ngomeni siku hizi kuna viti kila kona, na bendi ya bustanini itawasinzisha tu.

Linaloniogopesha ni jioni: bafu la maji moto, kisha chumba cha joto.

Unajua mwenyewe kwetu ilivyo. Mlango ukishafungwa na yule mhudumu wa kupepea joto kwa taulo akaanza kumwagia mawe ya moto maji, hatoki mtu mpaka amalize. Anayetoka hutazamwa kama mwizi. Na kaka yako Volkmar, heri afe kuliko kutazamwa hivyo. Sitanii.

Mwezi uliopita niliketi naye mle ndani. Nikaona midomo yake imekuwa ya buluu. Nikamnong'oneza, "Volkmar, tutoke." Akanijibu, "Tulia wewe, utaniaibisha!" Akavumilia mpaka mwisho, akapiga makofi kama wenzake, kisha akaanguka kando ya birika la maji baridi. Watu akawaambia ameteleza.

Daktari alisema waziwazi kwamba moyo umechoka, joto lile asilirudie. Tulipotoka akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe. Na amelirudia! Mimi hungoja nje ya mlango na vazi langu la taulo mpaka nisikie sauti yake.

Nimelia, nimegomba, nimemfichia nguo za kuogea. Wapi! Hanisikii. Lakini namjua mume wangu. Kwa ajili yake mwenyewe hatoki, kwa ajili yako atatoka. Nakuomba basi, maji ya kwanza yakishamwagwa, shika kichwa, sema una kizunguzungu, uinuke utoke. Atakufuata akushike mkono.

Usinijibu kwa barua. Sanduku la posta hulifungua yeye.

Sasa hivi amepita hapa jikoni akauliza naandika nini. Nikasema nakueleza habari za mawaridi ya bustanini. Akacheka. "Mwambie safari hii atakayetoka kwanza ndiye mzee, na bia zote juu yake!"

Basi shemeji yangu, kubali kuwa mzee. Atakucheka mwaka mzima mbele za watu, na mimi nitacheka naye. Wewe vumilia. Mwache acheke.

Wasalimie sana Ximena na binti yenu Frauke. Shangazi Gerlinde anawasalimu. Mungu awafikishe salama, na mtukute sote wawili.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Heidrun