Udongo wa Juu Ulinidanganya

Papa wangu,

Nimeolewa! Nilitaka ulisikie hilo kwanza, kabla ya yale mabaya. Ni yuleyule Fiston wa Yanonge, uliyemwita "Bwana Manukato." Papa, ananipenda mpaka naona haya! Kila asubuhi ananipikia chai, ananiimbia, na sukari yote inamwagika mezani. Mahari aliipokea tonton, mdogo wako. Kiti chako tulikiacha wazi, tukaweka kofia yako ya kazi juu yake. Nilishindwa kukitazama.

Juzi Fiston alinisomea habari kwenye simu. Kuna chombo kilitua Mwezini, kikachoma udongo kwa kipimio chembamba ili kujua joto lake. Juu, penye jua, udongo ulikuwa wa moto. Vidole vichache tu chini, baridi kama barafu. "Chérie, ona maajabu!" akasema. Mimi nikaangua kilio. Maskini, akadhani amenikosea.

Hajui. Hajui zile asubuhi za Yangambi, wewe unachoma kipimajoto kwenye shamba la watafiti, mimi nimeshika daftari. Nikitaka kukichomoa haraka, ulinipiga kidogo mkononi: "Mutoto, ngoja! Udongo ya juu iko mwongo."

Na mimi, mtoto wako mwenyewe, nikakupima kwa juu.

Siku ile ya homa yako ulikuwa umejifunika blanketi. Nilikugusa paji la uso mara moja tu, nikasema, "Bon, Papa, homa imeisha," nikakimbilia boti ya kwenda Kisangani kujaribu gauni. Ulicheka. "Nenda, bibi-arusi." Sikuingiza mkono chini ya blanketi. Gauni lilikuwa linaningoja. Jioni Mama ndiye aliyeingiza mkono wake: miguu yako ilikuwa baridi mpaka magotini, nawe hukumjibu tena.

Papa, niliwaambia wote kwamba nilikuacha mzima. Mama bado anajilaumu kwamba ni yeye aliyechelewa kurudi kutoka sokoni. Nami nimecheza kwenye arusi yangu huku yeye anajilaumu.

Jumamosi tunashuka Yangambi, Fiston na mimi. Nitamwambia Mama ukweli, hata akinifukuza. Kisha nitakuja kwako na kipimajoto chako, nikichome kwenye udongo unaokufunika, nikae chini.

Lala, Papa wangu. Safari hii nitangoja mpaka kitulie.

Mtoto wako,
Bijou