Sahihi Yangu kwenye Fomu ya Breka

Alhamisi usiku

Kariuki amenishukuru. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wiki jana nilipaswa kuijaribu breka kubwa ya kiwanda chetu cha maziwa hapa Endarasha, ile inayokata umeme mashine ikizidiwa. Kuijaribu lazima uzime kila kitu kwa saa nzima, na wakulima walikuwa wamepanga mitungi hadi barabarani. Nikaandika kwenye fomu "imejaribiwa, iko sawa", nikatia sahihi.

Leo asubuhi mota ya pampu ilikwama. Breka haikukata. Nyaya zikaanza kutoa moshi, na Kariuki, fundi mwenzangu wa miaka mingi, akakimbia kuizima breka kwa mkono. Ikalipuka. Nilimvuta nyuma, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko.

Jioni nilimkuta hospitalini Nyeri, mkewe Nyawira akimlisha uji.

"Asante kwa kunivuta," Kariuki akasema. "Lakini hiyo breka, si uliipima wiki jana?"

Ningeweza kusema ndiyo. Fomu ipo.

"Sikuipima. Niliandika tu."

Alifumba macho. Nyawira akaweka kikombe chini, akaniambia polepole, "Baba Mumbi, tafadhali toka nje."

Nilikaa kwenye benchi la nje hadi wageni wote wakaondoka. Hakuna aliyeniita.

Kesho, kabla mashine hazijawashwa, nitamweleza meneja yote. Atanifuta kazi, najua. Lakini kuna breka nyingine mbili nilizoziandikia hivyo hivyo.