Meza kwa Kila Koti

Jumatatu, 3 Juni
Barua tatu nimechapa kabla ya chai. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Neema anaota meno, amenikeshesha. Saa nne bibi yake kamleta, nimemnyonyesha nyuma ya kabati la mafaili kama kawaida, nikarudi kwenye mashine.

Mzee wa Utumishi kaniita. Mwenye jengo tulilopanga kule sokoni analitaka, anafungua gesti. Kwa hiyo idara zilizokuwa huko, Elimu, Ardhi na Biashara, zinahamia hapa kwetu halmashauri. Nipime vyumba, nihesabu watumishi wote, nichore nani akae wapi. Kwa nini mimi? Eti mwandiko wangu unasomeka. Kaongeza: asiye na meza kwenye ramani, wakija wa kupunguza wafanyakazi, hana pa kujitetea. Nimeitikia tu. Sijui ramani inaanzia wapi.

Jumatano, 5 Juni
Nimepima kwa futi ya kushonea ya mama mkwe. Masijala nimeipima mara tatu, majibu matatu. Futi imevutika? Au ni mimi nimechoka? Nimechukua jibu la katikati.

Ijumaa, 7 Juni
Kuhesabu watu. Nilidhani ndiyo kazi rahisi. Watu hawapo! Yapo makoti, kila kiti na koti lake. Tangu mitumba ijae sokoni mtu ana koti la kuvaa na koti la kuacha kazini. Ardhi nimekuta makoti matano na mtu mmoja, anakula karanga.

"Andika, dada, wote wapo. Koti si hilo?"

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Katoka sasa hivi."

Wametoka sasa hivi tangu asubuhi. Wana maduka yao, wana mashamba Maposeni. Ningefanyaje? Nimeuliza jina la kila koti, nikaandika. Mama Luambano, anayefagia na kutupikia chai, alinitazama akacheka.

Jumanne, 11 Juni
Sielewi. Karatasi ya kwanza meza zinatosha, ya pili hazitoshi. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Neema ana homa, nimemwacha analia kifuani kwa bibi yake. Roho inauma. Nimemaliza hivyo hivyo, nimepeleka. Mzee kasaini bila kuinua macho.

Alhamisi, 13 Juni
Ramani imebandikwa ubaoni. Nimesoma majina yote. Langu halipo. Nimesoma tena, kwa kidole. Halipo.

Nani kanitoa? Nimemkosea nani? Miaka minne nachapa barua zao. Baba Neema yuko Lusewa anafundisha, hata wa kumwambia sina.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeingia kwa Mzee. Shikamoo, kisha nikasimama. Nikamwambia sitoki mpaka nimjue aliyenifuta. Kafungua droo, kanipa karatasi. Mwandiko wangu.

Hakuna aliyenifuta. Sikujiandika. Nilikuwa nahesabu makoti, na mimi sweta langu ni moja, nimelivaa. Mama Luambano naye hayupo. Sisi tunaoshinda hapa ndio hatupo! Na Bwana Haule, aliyehamishiwa Nalasi tangu mvua za mwaka jana, kapata meza ya dirishani, kwa sababu koti lake alilisahau kitini. Barua yake ya uhamisho nilichapa mimi mwenyewe! Kichwa changu kilikuwa wapi?

"Nimeshasaini, Mama Neema. Mkurugenzi naye kasaini. Unataka nifute saini?"

Sasa mimi nina kazi au sina? Karudisha karatasi kwenye droo. Nadhani hata yeye hajui.

Jumatatu, 17 Juni
Wamehamia. Viti vimeletwa pamoja na makoti yake. Nimesimama mlangoni na mashine yangu mikononi, sijui pa kuitua. Mama Luambano kanisukuma begani.

"Kakae pale kwa Haule. Koti limekaa miezi yote bila miguu, wewe utashindwa?"

Nimelikunja koti la Haule, nikaliweka juu ya kabati. Nimepangusa vumbi. Nimevua sweta, nikakivika kiti. Kiti cha pili nikamwekea Mama Luambano, pembeni yangu. Kisha nikaenda ubaoni, nikaandika majina yetu mawili kwa kalamu ya wino, chini kabisa ya ramani. Yanasomeka.

Alhamisi, 20 Juni
Mzee kapita na daftari, anahakikisha nani yupo. Mimi nilikuwa nje juani, namnyonyesha Neema. Mama Luambano kanisimulia. Kauliza, "Hapa nani?" Naye kamjibu, "Mama Neema. Sweta si hilo?" Kaweka alama, kaenda zake.

Homa imeisha. Jino limechomoza, dogo kama punje ya mchele.

Dirishani baridi inapenya. Jumamosi nikapekue mitumba, nipate sweta jingine la kuvaa. Hili limeshaajiriwa.